DAMU HAINA KABILA: MAISHA YA DAKTARI CHARLES DREW

Katika kurasa za jarida hili tumezoea kusoma maisha ya malenga wetu, wapigania uhuru na wanariadha walioipa nchi sifa kemkem. Mimi leo nimeonelea nikuletee mtu wa aina nyingine kabisa. Hakuongoza taifa, wala hakuandika diwani ya mashairi. Vyombo vyake vya kazi vilikuwa chupa, sindano, barafu na damu. Jina lake ni Daktari Charles Richard Drew, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka wa 1904 na kuaga dunia mwaka wa 1950.

Nimemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, kila wahudumu wa damu wanapokuja kwenye shule zetu, minong'ono huwa haikosi mabwenini. Ati damu huenda kuuzwa! Ati ukitoa utakauka! Ati sindano zao zina magonjwa! Nilitaka tumjue mtu mmoja kati ya wale walioifanya kazi ya kutoa na kuhifadhi damu iwe na utaratibu wa kuaminika. Pili, kuna uongo mkubwa kuhusu kifo cha daktari huyu, na uongo wenyewe husimuliwa mpaka leo kana kwamba ni kweli tupu. Wahenga walinena: mgala muue na haki yake umpe. Mtu aliyetumikia ukweli maisha yake yote anastahili kusimuliwa kwa ukweli.

KUZALIWA NA KUSOMA

Charles Drew alizaliwa tarehe 3 Juni 1904 katika jiji la Washington, nchini Marekani. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto watano. Babake, Richard, alikuwa fundi wa kutandika mazulia, na mamake, Nora, alikuwa amesomea ualimu. Hawakuwa matajiri, lakini hawakulala njaa. Charles alipokuwa mvulana mdogo aliuza magazeti mitaani ili kujipatia senti mbili tatu.

Jambo la kukumbuka ni kwamba Washington ya wakati huo ilikuwa imegawanywa. Weupe walikuwa na shule zao, weusi zao. Charles alisoma katika shule ya upili ya Dunbar, iliyokuwa ya weusi na yenye sifa kubwa ya masomo. Huko alikuwa moto wa kuotea mbali katika michezo. Aliogelea, alikimbia, alicheza mpira wa kikapu na kandanda ile ya Kimarekani ya kubeba mpira mkononi. Michezo hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango wa Chuo cha Amherst, ambako alihitimu mwaka wa 1926.

Sasa utaniuliza, je, mwanamichezo huyu aliingiaje katika udaktari? Mambo mawili yalimsukuma. Mnamo mwaka wa 1920 dada yake Elsie alifariki akiwa na kifua kikuu, baada ya kushikwa na ile homa ya mafua iliyoenea duniani kote. Baadaye, akiwa chuoni, Charles mwenyewe aliumia mchezoni akalazwa hospitalini. Kulala kitandani na kuwatazama madaktari wakifanya kazi kulimfikirisha sana.

Hata hivyo, njia haikuwa nyoofu. Karo ya chuo cha udaktari ilikuwa nyingi, na vyuo vingi vya Marekani havikuwapokea weusi, au viliwapokea wachache wa kuhesabika kwa vidole. Kwa miaka miwili alifundisha biolojia na kemia na kusimamia michezo katika Chuo cha Morgan, mjini Baltimore. Alipokuwa amejiwekea akiba, alivuka mpaka mwaka wa 1928 akaenda Kanada, katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal. Alihitimu mwaka wa 1933, wa pili katika darasa la wanafunzi 137. Si mchezo!

Huko McGill ndiko alikokutana na mwalimu aliyeitwa John Beattie, ambaye alivutiwa mno na suala la kuongezea wagonjwa damu. Mwalimu akamwambukiza mwanafunzi wake hamu hiyo, na haikumtoka tena.

KWA NINI DAMU HUGANDA?

Kabla sijaendelea, hebu tuelewane kuhusu damu yenyewe, kwa maana bila hiyo hutaona ukubwa wa kazi ya Drew.

Mtu mzima ana takribani lita 5 za damu. Ukiiacha damu itulie ndani ya chupa bila kuganda, utaona imejigawa. Chini kuna seli nyekundu, nzito, zinazobeba hewa safi ya oksijeni. Juu yake kuna utando mwembamba wa seli nyeupe na vile visahani vidogo vya damu. Juu kabisa kuna maji ya rangi ya manjano hafifu yanayoitwa plazima. Plazima ni zaidi ya nusu ya damu yote, na ndani yake mna protini na chumvi za kila aina.

Ukijikata na wembe, mwili hauzembei. Kwanza mshipa hujibana ili damu ipungue. Kisha visahani hukimbilia pale penye jeraha vikashikana kama watu wanaoziba ufa wa ukuta kwa mikono yao. Halafu protini moja iliyomo katika plazima, iitwayo fibrinojeni, hugeuka kuwa nyuzinyuzi. Nyuzi hizo hujisuka kama wavu wa mvuvi, zikazinasa seli nyekundu, na hapo ndipo unapoona gamba. Kazi hiyo yote haiwezi kukamilika bila madini ya kalsiamu. Tena ini lako haliwezi kutengeneza protini kadhaa za kugandisha damu bila vitamini K, ambayo imejaa tele katika mboga za majani. Kwa hiyo wewe unayeidharau sukuma wiki ya shule, ujue unajidharau mwenyewe!

Basi, kuganda ni neema kwa aliyejikata, lakini kwa daktari wa zamani ilikuwa balaa. Damu ikitolewa mshipani na kutiwa katika chupa ya kioo, huganda baada ya dakika chache tu. Ndiyo sababu zamani mtoaji na mpokeaji iliwabidi walale kando kwa kando, damu itoke kwa huyu moja kwa moja hadi kwa yule.

Suluhisho lilianza kupatikana kidogo kidogo, na haki ya kila mmoja tumpe. Mnamo mwaka wa 1901 Karl Landsteiner wa Vienna alitangaza ugunduzi wa makundi ya damu. Mwaka wa 1914 Albert Hustin wa Ubelgiji na Luis Agote wa Argentina walitumia sitreti ya sodiamu, chumvi inayoifunga ile kalsiamu ili damu isigande. Mwaka wa 1915 Richard Lewisohn wa New York akaonyesha kipimo cha sitreti kisichomdhuru mgonjwa. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, mwaka wa 1917, Oswald Robertson alihifadhi damu ya namna hiyo ndani ya barafu huko Ufaransa. Halafu mwaka wa 1937 Bernard Fantus akaanzisha hifadhi ya damu katika hospitali moja ya Chicago na kuiita benki. Kwa hivyo anayekwambia kwamba Drew alivumbua benki ya damu peke yake anamvisha shujaa wetu kilemba cha ukoka. Drew hakuhitaji sifa za bure. Alichokifanya yeye kilitosha.

BENKI YA DAMU

Mwaka wa 1935 Drew alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Howard, kile chuo mashuhuri cha weusi jijini Washington. Mwaka wa 1938 alipata ufadhili akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na hospitali yake ya Presbyterian. Alitaka kujifunza upasuaji, lakini alipangiwa kwanza kufanya utafiti wa damu maabarani chini ya John Scudder, mbali na vitanda vya wagonjwa. Wengi wetu tungenuna. Drew aliifanya kazi aliyopewa kwa bidii ya mchwa, na huku akizidi kudai nafasi yake katika upasuaji mpaka akaipata.

Yeye na Scudder waliuliza maswali ambayo kila mtu alidhani yana majibu. Damu ikikaa, inaharibika vipi? Ikikaa siku ngapi? Joto gani linafaa? Umbo la chupa lina athari? Kutikiswatikiswa njiani kunaidhuru? Waligundua, kwa mfano, kwamba damu inavyozidi kukaa ndivyo madini ya potasiamu yanavyovuja kutoka ndani ya seli nyekundu na kuingia katika plazima. Damu ya namna hiyo inaweza kumletea mgonjwa matatizo badala ya nafuu. Mwaka wa 1939 walifungua benki ya damu ya majaribio pale hospitalini.

Mwaka huohuo wa 1939 Drew alifunga pingu za maisha na Minnie Lenore Robbins, mwalimu wa sayansi kimu katika Chuo cha Spelman. Walijaliwa watoto wanne. Binti yao wa kwanza walimpa jina la utani lililotokana na herufi za kwanza za maneno benki ya damu kwa Kiingereza. Mapenzi ya kazi hayo, jamani!

Mwaka wa 1940 Drew alikabidhi tasnifu yake, kitabu kinene kuhusu damu iliyohifadhiwa benki, na Columbia ikamtunuku shahada ya juu ya sayansi ya udaktari. Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada hiyo pale.

DAMU KWA UINGEREZA

Wakati huo Ulaya ilikuwa inawaka moto. Ndege za Ujerumani zilikuwa zinaimwagia Uingereza mabomu. Watu walivuja damu na kuungua, na damu ya kuwaongezea haikutosha. Marekani, ambayo bado haikuwa imeingia vitani, ilianzisha mpango wa kuwapelekea Waingereza msaada. Drew aliitwa New York awe mkurugenzi wa matibabu wa mpango huo.

Kupeleka damu nzima ng'ambo ya bahari kulikuwa kugumu, kwani seli nyekundu hazidumu. Basi wakapeleka plazima. Plazima hudumu zaidi, na plazima iliyochanganywa kutoka kwa watu wengi iliweza kutumiwa bila kusubiri kupima kundi la damu la majeruhi. Mtu aliyepoteza damu nyingi au kuungua vibaya huhitaji kwanza kurudishiwa maji na protini mishipani ili moyo upate cha kusukuma, na hapo plazima humwokoa.

Lakini sikiliza palipokuwa na hatari. Hospitali zilizoshiriki zilikuwa kadhaa, na kila moja ilitoa damu kwa namna yake. Viini vichache tu vikiingia katika chupa moja, na chupa hiyo ikamiminwa pamoja na nyingine, mseto wote huwa sumu. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Drew alikataa mambo ya kubahatisha. Aliweka utaratibu mmoja kwa hospitali zote, na vipimo vya maabara vya kutafuta viini kabla chupa yoyote haijapakiwa melini. Mpaka mpango ulipofungwa mwezi wa Januari mwaka wa 1941, watu 14,556 walikuwa wametoa damu, na zaidi ya lita 5,000 za plazima zilikuwa zimesafirishwa.

Baada ya hapo Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani lilimweka katika mpango wa majaribio wa kutengeneza plazima iliyokaushwa kuwa unga, kwa ajili ya jeshi. Katika kazi hiyo yalitumika pia magari yenye friji yaliyowafuata watoaji damu waliko. Yale magari ya damu tunayoyaona yakiingia langoni mwa shule ni wajukuu wa magari hayo.

Kuna jambo moja ambalo Drew na wenzake hawakuliona, na mimi siwezi kulificha. Walivijua viini vinavyoota maabarani, lakini virusi vya homa ya ini havikuwa na kipimo wakati huo. Mwaka wa 1942 karibu wanajeshi 50,000 wa Marekani waliugua homa ya ini kwa sababu ya chanjo ya homa ya manjano iliyochanganywa na maji ya damu ya binadamu. Plazima iliyochanganywa kutoka kwa watu wengi nayo ilikuja kuonekana kuwa na hatari hiyohiyo, kwani mtoaji mmoja mgonjwa aliweza kuambukiza mseto mzima. Ndipo dunia ikajifunza kwamba chupa inaweza kuonekana safi machoni na isiwe safi.

DAMU YA WEUSI, DAMU YA WEUPE

Sasa tumefika penye uchungu. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1941, mpango wa kukusanya damu kwa ajili ya jeshi ulikataa kabisa kupokea damu ya weusi. Watu walipopiga kelele, mwezi wa Januari mwaka wa 1942 ikatangazwa kwamba damu yao itapokelewa, lakini itatiwa alama na kuwekwa kando, isichanganywe na ya weupe. Fikiria hayo! Mtu aliyeuweka msingi wa kazi yenyewe angeruhusiwa kutoa damu yake kwa ajili ya weusi wenzake tu.

Wengi husema kwamba Drew alijiuzulu kwa hasira siku agizo hilo lilipotolewa. Si kweli. Alikuwa amekwisha kurudi Howard mwezi wa Aprili mwaka wa 1941, miezi kadhaa kabla. Lakini hakunyamaza. Alisema wazi kwamba sayansi haijaona tofauti yoyote kati ya damu ya mweusi na ya mweupe, na kwamba ubaguzi huo ni fedheha. Makundi ya damu ni A, B, AB na O, na yote manne yanapatikana kwa watu wa kila rangi. Mweusi wa kundi O anafanana zaidi kwa damu na mweupe wa kundi O kuliko na nduguye wa tumbo moja mwenye kundi B. Mwaka wa 1944 alitunukiwa nishani ya Spingarn, ambayo ni heshima kubwa miongoni mwa weusi wa Marekani, na hata siku hiyo hakuacha kulisemea jambo hilo.

Huko Howard aliongoza idara ya upasuaji na kuwa daktari mkuu wa upasuaji katika hospitali ya Freedmen's. Mimi naona hapa ndipo alipofanya kazi yake kubwa kuliko zote, ingawa haizungumzwi sana. Aliwafundisha vijana weusi upasuaji kwa kiwango ambacho hakuna mtahini angeweza kukikataa. Mwaka wa 1948 wanafunzi wake wa kwanza waliufanya mtihani wa kitaifa wa madaktari wa upasuaji na wakafaulu. Yeye mwenyewe hakukubaliwa kuwa mwanachama wa chama kikuu cha madaktari cha nchi yake, kwa kuwa tawi la mji wake liliwafungia weusi mlango.

KIFO CHAKE NA UONGO ULIOZUKA

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 1950, baada ya kazi nyingi ya mchana kutwa, Drew aliondoka Washington kwa gari pamoja na madaktari watatu weusi. Walikuwa wanaelekea mkutano wa kila mwaka wa matibabu huko Tuskegee, Alabama. Asubuhi, karibu na Haw River katika jimbo la North Carolina, Drew ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Usingizi ukamwiba. Gari likaacha njia na kupinduka. Wenzake walinusurika, lakini yeye aliumia vibaya sana kifuani na mguuni. Alipelekwa katika hospitali ya Alamance mjini Burlington, na huko akakata roho. Alikuwa na umri wa miaka 45.

Baadaye kukazuka hadithi kwamba hospitali ya weupe ilimfukuza, na kwamba mtaalamu wa damu alikufa kwa kunyimwa damu. Hadithi hiyo ina ladha, sikatai. Lakini haikutokea. Madaktari weupe wa Burlington walimpokea na kuhangaika kumwokoa. Daktari John Ford, aliyekuwa naye garini, alishuhudia hivyo. Majeraha yalikuwa makubwa kupita uwezo wa damu yoyote ile.

Basi, kwa nini watu waliuamini uongo huo? Kwa sababu mambo ya namna hiyo yalikuwa yakiwapata weusi wengine. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo wa 1950, kijana mmoja mweusi, mwanafunzi wa chuo na mwanajeshi wa zamani, alipata ajali katika eneo hilohilo la Alamance. Alihamishiwa hospitali kubwa ya Duke, na huko ikaelezwa kwamba vitanda vya weusi vimejaa. Akafa muda mfupi baadaye. Kilio cha wasio na jina kikabandikwa kwenye jina la mtu mashuhuri. Mimi naona tukisimulia uongo kuhusu Drew tunakosea mara mbili. Tunawasingizia madaktari waliojitahidi, na tunamsahau yule kijana aliyefukuzwa kwelikweli.

Mwezi huohuo wa Desemba mwaka wa 1950, Msalaba Mwekundu wa Marekani uliacha kuitia damu alama ya rangi ya mtoaji. Drew alikuwa kaburini kwa miezi minane tayari.

SISI TUNAJIFUNZA NINI?

Hapa kwetu damu haijawahi kutiwa alama ya kabila ndani ya chupa, lakini vichwani mwetu je? Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi na kuua zaidi ya watu 200, Wakenya walipanga foleni ndefu kutoa damu. Hakuna aliyeuliza damu yake itamwendea nani. Miaka michache baadaye serikali ikaanzisha huduma ya kitaifa ya damu, na wanafunzi wa shule za upili wamekuwa nguzo yake kubwa. Ndiyo maana shule zinapofungwa, damu huadimika hospitalini.

Mimi ni mwanachama wa kikundi cha huduma ya kwanza pia, na wahudumu walipofika shuleni kwetu nilikaa karibu nikawatazama kwa makini. Kwanza walipima uzito, kwa sababu ni lazima uwe na kilo 50 na umri wa miaka 16 au zaidi. Walitoboa kidole kupima wingi wa damu. Wakamuuliza kila mmoja maswali ya siri kuhusu afya yake. Mhudumu alivaa glavu, akapangusa mkono kwa dawa, akafungua sindano mpya iliyofungwa kwenye karatasi yake. Mfuko wa plastiki ulikuwa na dawa yenye sitreti ndani yake, ileile ya akina Hustin, na mfuko ulikuwa ukitikiswa polepole ili damu ichanganyike isigande. Mililita 450 tu, halafu soda na biskuti. Sindano haikufunikwa tena kwa mkono, maana hapo ndipo wahudumu wengi hujidunga. Ilitupwa moja kwa moja katika kisanduku kigumu cha vitu vyenye ncha kali. Anayetoa damu hawezi kuambukizwa ugonjwa wa mtu mwingine, kwa kuwa sindano hiyo haijamgusa mwingine na haitamgusa mwingine.

Kisha damu hupimwa maabarani ili kutafuta virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Kipimo cha virusi vya Ukimwi katika damu kilipatikana mwaka wa 1985, miaka 35 baada ya kifo cha Drew. Wazo la kutopeleka chupa kwa mgonjwa kabla ya maabara kutoa idhini alilisimamia yeye mwaka wa 1940.

Nasi mabwenini tuna wajibu wetu. Usitumie wembe wa mwenzako, hata akiwa rafiki wa chanda na pete. Mwenzako akitokwa damu, vaa glavu au mfuko safi wa plastiki mkononi, kisha ugandamize jeraha kwa kitambaa safi mpaka lile gamba lipate nafasi ya kujisuka. Usilifunguefungue kila mara kuchungulia. Na ukidungwa na sindano iliyotumika, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi, usiminye, kisha umwambie muuguzi siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zipo, lakini lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na zikianzwa mapema zaidi ndivyo bora. Aibu isikufanye unyamaze. Mficha uchi hazai.

Kwa leo kalamu yangu naiweka chini. Daktari Drew aliishi miaka 45 pekee. Alibaguliwa shuleni, kazini na hata katika chupa ya damu, lakini alipimwa kwa kazi yake na kazi hiyo haikupungua mizani. Gari la damu likija tena muhula ujao, mimi nitakuwa kwenye foleni, na jirani yangu wa mbele au wa nyuma sitamuuliza ametoka upande gani wa nchi. Je, wewe?